Madirisha Kumi na Mawili

Kawangware, Jumapili, 4 Machi 1951

Daktari alisema jana: hewa, mwanga, maziwa, kulala. Vitanda vya wagonjwa wa kifua vimejaa, na ile dawa mpya ya sindano ina watu wengi wanaoingoja kuliko chupa zilizopo. Basi hewa. Nilimwuliza hewa inauzwa duka gani, maana chumba tunachokaa mimi na Dalmas hakina hata tundu la kutolea moshi. Mwenye nyumba alijenga vyumba vinane mgongo kwa mgongo, akaacha mlango tu. Anasema dirisha ni mwaliko wa mwizi. Daktari akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaita mgonjwa mwingine.

Nitaandika daftari hili mpaka mvua ziishe, kwa sababu nikimwambia mtu ninayoyafikiri anaondoka. Dalmas peke yake haondoki. Ni mume wangu, ni seremala. Miaka ishirini ametengeneza makabati ya nguo za watu wengine, na sasa, kwa kifua hiki, hawezi kuinua randa. Ananiita Mwalimu, ingawa ni miaka tisa tangu misheni waniondoe shuleni kwa sababu ya ulimi wangu.

Jumanne, 6 Machi

Nilipita Hurlingham kwa miguu nikienda kazini. Katika bustani moja kuna nyumba ya mbwa yenye dirisha. Dirisha lenye wavu na pazia. Mbwa mwenyewe alikuwa amelala nje.

Tangu mwaka jana tunaitwa Jiji. Jiji limempimia mtu mweusi futi chache za kitanda, likaita hiyo nyumba. Mke hakupimiwa, mtoto hakupimiwa, pafu halikupimiwa. Mhariri amekataa kuichapa sentensi hiyo. Nimeiandika hapa.

Kazi yangu ni kusahihisha prufu, kurasa za majaribio, za gazeti la Kiswahili katika kiwanda cha chapa karibu na River Road. Majarida ya ng'ambo huletwa pale kufungia vitu, nami huyaokota. Wiki iliyopita niliona picha ya hospitali ya wagonjwa wa kifua: jumba refu, ukuta mmoja wote kioo, paa bapa kama meza, na vitanda vyenye magurudumu vinavyosukumwa nje juani. Nilimwonyesha Dalmas. Aliangalia bawaba.

Jumamosi, 10 Machi

Nimepata kiwanja cha kukodi Kabiria, kwenye mteremko, kwa mjane Mkikuyu anayeitwa Wangu. Alinipeleka mwenyewe, jembe begani.

"Unajenga nini hapa?"

"Nyumba ya madirisha."

"Ngapi?"

"Kumi na mawili, upande mmoja."

Akacheka mpaka akashika mti. "Mama, hiyo ni nyumba ama ni basi?"

Ni basi kweli. Uwanja wa vyuma vikuukuu kule Grogan Road una basi lililoungua injini, na madirisha yote ni mazima. Nimeagiza ubavu mzima.

Jumamosi, 17 Machi

Kwetu Wajaluo mwanamke hajengi nyumba. Mume ndiye husimamisha mti wa kwanza, akishindwa huitwa wa ukoo wake. Nashon, mdogo wake Dalmas, anayefanya kazi reli, alitaka tungoje baba yao mdogo aje kutoka kwao Gem. Nilimwambia kifua hakingoji treni.

Dalmas alipelekwa Kabiria amekaa nyuma ya baiskeli, kichwa kikiegemea mgongo wa Kivuva, fundi niliyemwajiri. Akashika mti wa kwanza kwa mikono miwili, Kivuva akausukuma shimoni. Kisha Dalmas akakohoa kwenye leso, akaikunja haraka nisione. Niliona.

Jumamosi, 24 Machi

Nimegombana na watu wawili kwa siku moja juu ya jambo moja.

Wa kwanza Kivuva. Ni Mkamba mfupi, mkavu, mwenye penseli sikioni, anayezungumza na mbao kuliko na watu. Nikamwonyesha picha ya paa bapa.

"Mwalimu, mimi nimejengea Muhindi, nimejengea Mzungu, nimejengea kuku. Yote iko na mteremko."

"Hii ni ya kisasa."

"Maji yetu haijui kisasa. Itakaa hapo juu kama mgeni."

"Utapaka lami juu ya turubai. Hakuna tone litakalopita."

Akaipindua picha, akaitazama kwa nyuma kana kwamba mvua ilichapwa upande ule. "Sawa. Nyumba ni yako. Lakini mimi nimesema."

Wa pili Nashon. Alikuja na koti lake la reli, akasimama kwenye nguzo bila kuingia ndani ya mistari ya msingi. Kileleni mwa nyumba ya Mjaluo huchomekwa fimbo iliyochongwa, iitwayo osuri. Ikiwa juu, watu wanajua mwenye nyumba yu hai. Akifa, huvunjwa. Nyumba ya Dalmas huko Gem ilianguka mwaka 1948. Hii ya Kabiria ndiyo pekee aliyo nayo.

"Shemeji, fimbo itasimama wapi kwenye meza hii?"

"Haitasimama."

"Kwa hiyo mtu akipita ajue nini? Kwamba hapa kunakaa mwanamume, au kunakaa vyombo?"

Wangu alikuwepo, na mafundi, na Philister, jirani yangu wa Kawangware aliyekuja kusaidia kukanda udongo. Ningeweza kunyamaza. Nikasema kwa sauti kubwa: "Nyumba yangu haitachomekwa kijiti. Mume wangu anahitaji hewa. Wafu ndio wanaohitaji alama."

Nashon akavaa kofia. "Basi sitaingia humo," akasema, akashuka mteremko polepole.

Jumanne, 27 Machi

Mvua ya kwanza. Udongo wa Kabiria umekuwa uji. Kuta zimefika kiunoni.

Jumatatu, 2 Aprili

Paa limefunikwa. Mbao, turubai, lami. Linang'aa kama kiatu cha askari.

Kabiria, Jumamosi, 7 Aprili

Tumehamia. Niandike jinsi ilivyo, kwa maana nimeiota miaka mingi.

Ni chumba kimoja kirefu. Ubavu wa mashariki ni ule wa basi, kioo tangu usawa wa kitanda hadi juu, na kila dirisha lateremka kwenye mfuo wake likivutwa kwa vidole viwili. Ukuta wa pili umepakwa chokaa nyeupe ili uurudishe mwanga kwa mgonjwa. Sakafu ni mbao, imeinuliwa juu ya madebe yaliyojazwa mawe, unyevu usimfikie. Kitanda kina magurudumu manne. Meza haina miguu: ni ubao unaoning'inia kwa kamba, unashushwa hadi kifuani pa mtu aliyelala na kupandishwa akishiba. Rafu ni makasha ya mafuta ya taa yaliyozamishwa ndani ya udongo wa ukuta, hayatokezi hata inchi. Jiko liko nje, na bomba la moshi limetengenezwa kwa mapipa. Philister amepiga chini ya ukuta mweupe urembo wa kwetu kwa kiganja, udongo mwekundu na mweusi, mawimbi juu ya mawimbi.

Kile kioo cha dereva cha kutazamia nyuma tulikiomba kama bahashishi pale uwanja wa vyuma. Dalmas amekitundika juu ya kichwa chake, ili aone mlango na njia bila kugeuka.

"Mwalimu," alisema jioni, "nimekaa Nairobi miaka ishirini na mbili. Leo ndiyo mara ya kwanza naona jua likinijia mimi."

Jumapili, 8 Aprili

Alilala muda wa saa tisa bila kukohoa. Nilihesabu.

Jumatano, 11 Aprili

Jumatano ni siku ya mapumziko ya Nashon. Amekuja, akasimama nje mvuani, chini ya mwavuli, upande wa madirisha. Dalmas akateremsha kioo. Wamezungumza saa nzima, mmoja kitandani, mwingine kwenye matope, juu ya ng'ombe mmoja aliyekufa tangu wao watoto. Nilimtolea chai. Akaipokea kupitia dirishani. Kichwa kigumu kama reli anayoitengeneza.

Jumapili, 15 Aprili

Mvua siku sita. Dalmas amekula ugali akaongezwa. Anachonga kitu kitandani kwa kisu. Nadhani ni mwiko.

Ijumaa, 20 Aprili

Wageni hawaishi. Wangu amewaleta wanawake wanne kuona nyumba ya basi. Mmoja aliketi sakafuni akaomba tikiti ya kwenda Uthiru. Philister aliuliza dirisha moja, moja tu, lingeingiaje kwenye chumba chake bila mwenye nyumba kujua.

Jumatano, 25 Aprili

Nashon nje. Mwavuli. Chai. Nilimwambia atapata homa ya mapafu, ndugu wawili wakose pafu zima. Hakucheka. Dalmas alicheka, na hakukohoa baada ya kucheka.

Jumamosi, 28 Aprili

Doa dogo darini, juu ya rafu, ukubwa wa kisosi. Nimeweka sufuria.

Dalmas: "Mwalimu, ukiinua paa kidogo tu katikati, kama mgongo wa kitabu kilichofunguliwa..."

"Wewe pia?"

"Mimi ni seremala tu. Nasema habari ya maji."

"Nashon amekutuma."

Akarudi kwenye kuchonga kwake. Ndivyo alivyo; mtu akimpazia sauti yeye hurudi kwenye mbao.

Ijumaa, 4 Mei

Gazeti limechapa makala yangu, kichwa "Paa Bapa." Nimewapiga wote: Jiji na vitanda vyake vya kupimiwa kwa futi, wenye nyumba wa Kawangware wanaouza giza, na watu wetu wanaofikiri nyumba ni mahali pa kuweka alama badala ya mahali pa kuvuta pumzi. Kiwandani wamenisomea sentensi zangu kwa sauti. Mpangaji herufi amesema nina kalamu ya pilipili.

Nyumbani sufuria ni mbili.

Jumatano, 9 Mei

Nataka kuandika hili kwa usahihi.

Kivuva alikuja asubuhi bila kuitwa. Akapanda, akakaa kule juu kwa muda, akashuka akiwa na magoti meusi.

"Mwalimu, kuna dimbwi. Bata inaweza kuogelea. Mbao imeanza kupinda katikati, na kila siku maji inaongeza uzito. Nipe siku mbili. Mabati niko nayo. Nainua katikati, naiteremsha pande mbili, kwisha."

"Mvua zikiisha."

"Mvua haijaambiwa iishe."

Nikainua macho, nikamwona Nashon kwenye kile kioo cha dereva. Alikuwa amefika, amesimama nje na mwavuli wake, anasikia. Nikaona akilini kilele kikiinuka, na fimbo juu ya kilele, na uso wake chini ya fimbo.

"Nimesema mvua zikiisha, Kivuva. Fagia maji, pakaza lami."

Kivuva akafagia, akapakaza.

Jumapili, 13 Mei

Sufuria nne na beseni. Nimesogeza kitanda karibu zaidi na madirisha. Amekohoa kidogo. Ni unyevu.

Alhamisi, 17 Mei, chumbani kwa Philister, Kawangware

Jana saa nane mchana nilikuwa kiwandani. Mvua ilishuka mjini ghafla, River Road ikawa mto kweli, watu wakapanda kwenye vibaraza vya maduka wakicheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa nasahihisha barua ya msomaji mmoja wa Riruta aliyesifu makala yangu, na nilikuwa natafuta namna ya kuiacha bila kufupishwa.

Nilifika Kabiria saa kumi na mbili. Kwanza niliona madirisha. Yote kumi na mawili yalikuwa mahali pake, mazima isipokuwa moja, na ndani yake hapakuwa na chumba. Paa lilikuwa limekalia sakafu. Turubai lilining'inia kama ngozi, lami ikiwa juu ya ukuta mweupe, juu ya mawimbi ya Philister, juu ya mto wa kitanda.

Wangu alinishika mkono kabla sijaingia. "Hayuko humo, mama. Ndugu yake amembeba."

Mambo yalikuwa hivi. Philister, anayemtunza nikiwa kazini, alikwenda sokoni, akazuiwa na mvua. Dalmas alikuwa peke yake. Paa halikuanguka kwa kishindo, lilishuka. Alilisikia likilia, akajaribu kukisukuma kitanda kwa magurudumu yake hadi mlangoni, lakini mlango ulikuwa umebanwa na boriti. Maji yote ya dimbwi yakamwagika juu yake, kisha mvua yenyewe. Akavuta dirisha literemke. Mfuo ulikuwa umepinda. Akakaa hapo amelowa, nyuma ya kioo, kwa muda wa karibu saa mbili.

Ilikuwa Jumatano. Nashon akaja na mwavuli wake kama kawaida. Akamwona ndugu yake ndani ya kioo. Akavunja dirisha la saba kwa kiwiko, akaingia. Mtu aliyeapa haingii akaingia kwa dirisha, akamtoa mgongoni, akambeba mvuani hadi hapa Kawangware, kwa Philister, kwa sababu palikuwa pakavu na karibu.

Nilipofika hapa Nashon alikuwa amekaa mlangoni, kiwiko kimefungwa kanga, shati la damu. Nilingoja aniambie. Nilikuwa na majibu tayari, Mungu anisamehe. Njia nzima nilikuwa nimeyapanga, juu ya Kivuva na mbao mbichi, juu ya mvua ya mwaka huu ambayo haijawahi kuonekana.

Alisema, "Shemeji, amekuuliza kama umelowa."

Ijumaa, 18 Mei

Homa. Hospitali wametoa vidonge, kitanda hakuna.

Jumamosi, 19 Mei

Chumba hiki ni pacha wa kile tulichokikimbia. Mlango tu. Mkiufungua mvua inaingia, mkiufunga hewa inakwisha. Tunaufungua na kuufunga kwa zamu, mimi na Nashon. Hatuzungumzi, lakini tumeshajua zamu.

Jumatatu, 21 Mei

Aliamka akili yake ikiwa safi. Aliuliza madirisha.

"Kumi na moja ni mazima," nilisema.

"Bawaba na mifuo zipakwe mafuta, zisishike kutu." Kisha: "Ulikuwa na haki habari ya hewa, Mwalimu. Nilipumua wiki tano." Akapumzika muda mrefu. "Habari ya maji ulikosea."

Nikasema ndiyo. Ni neno nisilolizoea, lilitoka dogo.

Jumanne, 22 Mei

Amekufa saa nne asubuhi. Mlango ulikuwa wazi, zamu yangu.

Jumamosi, 23 Juni

Nimerudi kutoka Gem. Wazee wamesema mjane hasafiri mapema hivi. Nimewaambia kazi yangu haitaningojea, na hawakuwa na nguvu ya kubishana, nami sikuwa na furaha ya kushinda. Binti yetu Lornah, anayelelewa huko na nyanya yake tangu baba yake augue, amebaki. Walimjengea Dalmas kibanda kwa siku moja, ili asizikwe kama mtu asiye na nyumba. Kilikuwa na kilele na fimbo ya haraka haraka. Waliivunja.

Katika treni Nashon alikaa mbele yangu. Karibu na Nakuru akasema, "Ile ya Kabiria bado haijaambiwa."

"Haijaambiwa nini?"

"Kwamba mwenyewe hayupo. Alishika mti wake wa kwanza kwa mkono wake. Ile ndiyo nyumba yake. Kibanda cha juzi tulimjengea sisi."

"Haina fimbo. Utavunja nini?"

Akatazama nje. Mwezi wa tatu ningefurahi sana kumwona amekwama.

Jumapili, 24 Juni

Nimekwenda Kabiria peke yangu kuokoa vitu. Wangu ameyafunika madirisha kwa magunia. Chini ya godoro, kimefungwa kwenye kurasa za gazeti lenye makala yangu, nimekuta kile nilichodhani ni mwiko.

Ni fimbo, urefu wa mkono wangu, ya mbao ya fremu ya basi. Ncha yake imechongwa laini kama sindano. Chini ya ncha kuna mikato kumi na miwili, midogo, sawasawa. Aliichonga kwa wiki tano mbele ya macho yangu na hakuniambia, kwa sababu nilikwisha kusema mbele ya watu.

Jumamosi, 30 Juni

Nimemwita Kivuva. Alisikiliza, penseli sikioni.

"Nataka mabati. Inua katikati, teremsha pande mbili."

"Mteremko kiasi gani?"

"Utakavyo wewe."

Aliniangalia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. "Na nani atakaa humo, Mwalimu?"

"Philister na watoto wake watatu. Mdogo ameanza kukohoa."

Jumamosi, 7 Julai

Paa limeisha. Dirisha la saba limepata kioo kipya. Lami haikutoka yote kwenye chokaa. Imebaki alama nyeusi ndefu juu ya mawimbi, na nimemwambia Philister asiipake.

Jumapili, 8 Julai

Leo Nashon amekuja na koti lake la reli. Akafuta matope, akainama, akaingia kwa mlango. Alizunguka chumba akigusa vitu: ubao wa kamba, makasha ukutani, mfuo wa dirisha. Akashusha dirisha moja kwa vidole viwili, akalipandisha.

"Alikuwa akiniambia," akasema. "Mimi nilidhani anatia chumvi."

Nikampa fimbo. Akahesabu mikato kwa kidole gumba, akahesabu tena.

Kisichosimama hakivunjwi, tulikubaliana hivyo bila kugombana, mimi na yeye, pengine mara ya kwanza. Kivuva akaleta ngazi. Mwanamke hapandi paa, kwa hiyo nilishika ngazi chini, na sikuandika makala kichwani juu ya jambo hilo. Nashon akaichomeka kileleni, akaigonga mara tatu, akashuka.

Wangu alipita njiani na mzigo wa majani. Akatazama juu. "Ehe," akasema, "basi baba amerudi?"

Nashon akavua kofia. Wangu akaelewa, akashusha mzigo, akasimama nasi.

Nashon ataivunja kesho alfajiri kabla ya zamu yake, kisha Philister atahamia. Lakini leo mtu yeyote anayepita Kabiria, akitoka Riruta au akienda Uthiru, akiinua macho ataona nyumba ya madirisha kumi na mawili, na ataona kwamba mwenyewe yumo.

Mvua hakuna.